Rangi ya Chini

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mchora mabango wa Kariakoo. Karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita katika Mtaa wa Sikukuu, nyumba ambayo leo imemezwa na ghorofa la maduka. Aliandika majina ya vinyozi na mama lishe, namba za mikokoteni na misemo ya nyuma ya malori. Na wageni walipoanza kuzitafuta picha za wanyama za mtindo wa Tingatinga, akachora na wanyama pia. Alipofariki mwaka 1991 tulikuta nyuma ya mlango wa chumba chake mbao saba za hadibodi, kila mmoja umepakwa rangi moja tu, tabaka juu ya tabaka, laini hata mtu angeweza kuona kivuli cha uso wake. Hapakuwa na twiga wala herufi. Tukasema marehemu ameacha viporo. Kwa kuwa mimi ndiye mpwa niliyesoma, nilikabidhiwa jukumu la kuvimaliza. Nikazipeleka mbao sita kwa kijana mmoja mchoraji, akazijaza pundamilia na tembo kwa muda wa siku nne, zikauzwa, na fedha zikatumika katika shughuli ya arobaini. Ubao wa saba ulibaki kwa sababu pembe yake moja ilikuwa imeliwa na unyevu, na hapakuwa na mnunuzi ambaye angeutaka.

Ubao huo ninao hadi leo. Rangi yake ni ya kijivu inayoelekea buluu. Niliishi nao miaka mingi kabla ya kuanza kushuku kwamba huenda kazi tuliyoimalizia ilikuwa imekwisha.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo lililotupotosha. Katika matumizi ya kila siku, -tupu ni kivumishi cha upungufu: mikono mitupu, chungu kitupu, ugali mtupu usio na kitoweo, maneno matupu. Debe tupu ndilo linaloshutumiwa kwa kelele. Hata staha imo humo, kwa kuwa utupu wa mtu ni uchi wake. Lakini neno hilohilo lina uso wa pili ambao tunautumia bila kugutuka. Tunasema uongo mtupu, raha tupu, dhahabu tupu. Hapo neno halisemi kwamba kitu hakipo. Linasema kwamba kipo peke yake, hakikuchanganywa na kingine. (Inabidi kuwa mwangalifu, hata hivyo: atakayetangaza kikao cha “wazee watupu” ataeleweka vibaya, na atastahili.) Raha tupu ni raha iliyojaa hata ikakosa nafasi ya kuingizia jambo jingine. Kwa hiyo ubao mtupu unaweza kuwa ubao usio na picha, na unaweza pia kuwa ubao ulio rangi tupu. Mimi na jamaa zangu tulisoma maana ya kwanza, tukauza.

Kwa sanaa isiyoiga maumbo ya vitu, vitabu vyetu vimechagua neno dhahania, tulilolizoea darasani katika nomino dhahania: upendo, uzuri, amani, mambo yasiyoshikika. Si neno baya, ila linaipeleka picha kichwani, ilhali picha ya aina hiyo haina kitu kingine isipokuwa rangi iliyo mbele ya macho. Katika Kilatini, neno walilolirithi Wazungu lilikuwa na maana ya kuvuta na kuondoa, na hapo tunakaribia zaidi kazi ya mkono. Wachongaji wa Kimakonde walioileta sanaa yao ya mpingo Dar es Salaam kutoka kusini na ng'ambo ya mto Ruvuma hawakungoja kamati ya istilahi. Sambamba na vinyago vya mashetani, vinavyohusishwa kwanza na mchongaji Samaki Likankoa, kuna mtindo wa vinyago visivyo na uso wala viungo, mikunjo na matundu tu, nao unaitwa mawingu. Sijapata jina zuri kulishinda hilo. Wingu lina umbo lakini halikai nalo. Na katika kinyago cha mawingu, tundu limechongwa kwa uangalifu uleule uliotumika kwa mti uliobaki. Anayedai kwamba sanaa isiyo na sura ni mzigo ulioshushwa bandarini kutoka Ulaya, na awaulize kwanza wachongaji.

Na kwa kuwa bandari imetajwa, mji wetu nao ulizaliwa katika utulivu kisha ukaachwa mtupu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, akivutiwa na hori ambalo mlango wake ni mwembamba na maji yake ya ndani hukaa shwari hata kusi inapovuma nje. Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuwa na hamu na mji huo, ujenzi ukasimama, majumba mengi yakabaki bila watu mpaka Wajerumani walipoingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya makao makuu ya koloni lao. Watu bado wanabishana iwapo jina lina maana ya nyumba ya amani au bandari ya salama. Kwangu mimi ubishi huo ni mdogo. Linalonivuta ni ile miaka karibu ishirini ambayo bandari iliyochaguliwa kwa utulivu wake ilitulia kuliko alivyokusudia mwenyewe.

Shwari ni neno la mabaharia. Leo tunajibia salamu kwalo, tukisahau kwamba jahazi lililokutwa na shwari katikati ya safari halikuwa na furaha: tanga limelala, maji ya kunywa yanapungua, nahodha anatazama upeo wa macho usio na dalili. Ninalitaja jambo hili kwa sababu wengi wanaoandika juu ya utulivu wa ndani wa msanii huuandika kana kwamba ni kivuli cha mwembe. Wako waliouonja kama shwari ya katikati ya bahari.

Upo pia utupu uliopangwa kwa rula. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, kambi ya wapagazi wao wa Vita vya Kwanza ilitupa jina la Kariakoo, yaani Carrier Corps iliyopita katika vinywa vyetu ikatoka na vokali zake. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na uchovu, na majina yao hayako popote katika mtaa unaoitwa kwa kazi yao. Katika miaka ya 1920 uwanja wa Mnazi Mmoja ulitengwa uwe wazi ili utenganishe maeneo ya Wazungu na Wahindi upande mmoja na ya Waafrika upande wa pili. Miaka thelathini baadaye TANU iliujaza uwanja huohuo kwa mikutano. Kwa hiyo sitaki kuisifia kila nafasi iliyo wazi. Inafaa kuuliza kwanza nani aliyeiacha, na kwa nini.

Sasa nirudi kwenye hadibodi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua vingine, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyopatikana dukani kwa fundi wa kawaida: hadibodi iliyokatwa mraba, upande wake kiasi cha futi mbili, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile wanayopakia baiskeli. Picha ziliuzwa Oysterbay, kwenye baraza za Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu ya uchoraji, na jina lake likawa nomino ya kawaida: tunasema “tingatinga” kwa picha kama tunavyosema “kanga” kwa vazi.

Zitazameni picha zake mwenyewe, zile za mwanzo, msizichanganye na bahari ya nakala zilizofuata. Chui mmoja. Au nyati mmoja, au ndege na tawi lake. Nyuma yake rangi moja iliyotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, bila mstari wa ardhi, bila mlima, bila jua. Mnyama hasimami mahali popote. Vitabu huita sehemu hiyo mandharinyuma, neno ambalo kwa picha hizi naliona si sahihi, kwa sababu mandhari haipo, na wala haiko nyuma; rangi hiyo inambana mnyama kutoka kila upande hata akatutazama. Mjomba aliiita rangi ya chini, akimaanisha tu kwamba ndiyo inayotangulia. Nimelichukua jina hilo.

Wanafunzi wa Tingatinga, ambao baadhi yao walikuwa jamaa zake, waliendelea na kazi, na hatimaye mwaka 1990 kikasajiliwa chama chao cha ushirika. Katika safari hiyo rangi ya chini ilizidi kuliwa. Waliingia Kilimanjaro, minazi, vijiji, sherehe, samaki mia katika ubao mmoja. Sababu inaeleweka: mtalii anataka mnyama, na wanyama kumi ni bora kuliko mmoja kwa bei ileile. Siwalaumu, nami nilishiriki. Wala si kila kujaza ni kosa. George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, alijaza kila pembe kwa mashetani yanayocheka, na kujaa huko ndiko uhai wa kazi yake. Ila kuna tofauti kati ya msanii anayejaza kwa sababu ulimwengu wake umejaa, na anayejaza kwa sababu anaogopa mnunuzi atasema kazi haijaisha.

Msomaji makini atanipinga hapa. Atasema utupu wa Tingatinga haukuwa utulivu wa roho hata kidogo: alikuwa maskini, rangi ilikuwa ghali, na picha yenye mnyama mmoja huisha upesi. Pingamizi hilo nalikubali nusu. Hatuna neno lake mwenyewe la kutuambia alichokusudia, na sitamtilia maneno marehemu kinywani. Lakini nusu ya pili ya jibu nimeipata kwa kukumbuka jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika pale kibarazani.

Rangi ya mafuta hushika vumbi. Ukiipaka saa nne asubuhi Kariakoo, wakati mikokoteni inapita, wachuuzi wananadi, na magari yanarudi nyuma kwa honi, kufikia adhuhuri ubao wako una chunusi kama uso wa kijana. Rangi ya juu, yaani mnyama mwenyewe na madoa yake, inaweza kuvumilia. Rangi ya chini haivumilii. Kwa hiyo mjomba aliipaka baada ya swala ya alfajiri, katika ile saa moja ambayo Mtaa wa Sikukuu ulikuwa wa mafagio na paka. Alimwaga maji kidogo sakafuni ili vumbi lilale. Alifunga mlango wa ukumbi ili upepo wa uani usipite. Kisha alipaka kwa mikupuo mirefu ya brashi, upande mmoja, bila kusema. Ukimsalimia katika saa hiyo hakuitikia mpaka amefika ukingoni. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilidhani amekasirika. Baadaye mchana alikuwa mtu wa mizaha, akiniita “mjomba” kama wajomba wote wanavyowaita wapwa zao, akinituma mafuta ya taa ya kuoshea brashi.

Ubao ulikaushwa siku nzima ndani, siku mbili wakati wa masika, halafu tabaka la pili, alfajiri nyingine. Utulivu haukuwa falsafa aliyoisoma; ulikuwa sharti la rangi. Lakini mtu atakayelitimiza sharti hilo kila alfajiri kwa miaka ishirini hawezi kubaki kama alivyokuwa. Na ubao wenye matabaka matano, kama huu wa kwangu, umehifadhi alfajiri tano za Kariakoo isiyo na vumbi. Sidhani kuna kumbukumbu nyingine ya saa hizo. Soko lenyewe, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975 na miavuli yake ya zege inayokinga mvua, tunalikumbuka kwa wingi wa watu na kwa moto wa Julai 2021. Hakuna anayelikumbuka likiwa kimya.

Wako wasanii waliosema wazi kwamba kazi yao ilitoka katika utupu, na habari zao zinanisaidia. Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, alisoma katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, akarudi Khartoum na ustadi wote wa Ulaya, akafanya maonyesho. Watu wake wakaziacha picha zake kama zilivyo. Hakuwa na la kuwaambia. Akaacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini akitazama mapambo ya nyumba, vyombo na maandishi. Na aliporudi kwenye karatasi, alianza kwa kuzivunja herufi za Kiarabu, akaingia katika nafasi zilizo kati ya mistari yake. Huko katika nafasi, anavyosimulia, maumbo yakaanza kumjia. Baadaye, mwaka 1975, alifungwa gerezani bila kushtakiwa, akakaa miezi sita, akichora kwa siri juu ya vipande vidogo vya karatasi na kuvificha mchangani. Shwari yake ilikuwa ile ya jahazi. Nasi tulioisoma Kurani katika vyuo vya uswahilini, na ambao mababu zetu waliandika tenzi kwa herufi hizohizo, tunaweza kuelewa upesi kuliko wengi maana ya kuiona nafasi iliyo ndani ya herufi.

Kesi ya pili ni ya jirani zaidi. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria, na mama yake Mwingereza akaondoka na mtoto wa miezi minne. Ulimwengu unamjua kwa watu anaowachora na kuwakata katika mbao, kama wale mia moja wa kazi yake ya 2004 iitwayo Naming the Money, na kwa tuzo ya Turner aliyoipata mwaka 2017. Lakini aliporudi kisiwani akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya 1990, hakutoka na watu. Alitoka na Zanzibar, mfululizo wa picha wa mwaka 1999 ambamo mtu tuliyezoea kumwona katika kazi zake haonekani. Kuna rangi, mistari na michirizi inayokumbusha mvua, madirisha na bahari, na mojawapo ina jina linalotaja machozi ya wanawake yanayoijaza bahari. Ningedhani mtu aliyempoteza baba kabla ya kumjua angemchora baba. Himid alichora mahali alipokuwa baba, na mahali hapo hapana sura.

Picha hizo zimepangwa mbili mbili. Mchoraji wa Ulaya ataziona kama picha pacha za madhabahu. Mimi nilipozitazama katika kitabu niliona ukwapi na utao. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na katikati kuna pumzi ambayo haihesabiwi katika mizani yoyote. Waandishi wa miswada ya zamani waliilinda kwa alama ndogo au nafasi kati ya kipande na kipande. Fundisha mwanafunzi vina na mizani bila pumzi hiyo, na atakuletea mashairi yaliyo sahihi ambayo hayaimbiki. Mjadala wetu wa miaka nenda miaka rudi juu ya mashairi huru na ya arudhi umekuwa wa kuhesabu vilivyomo. Ningependa siku moja tubishane juu ya visivyomo: mshairi ameacha nini kati ya kipande na kipande, na je, ameacha kwa kukusudia au kwa kuchoka.

Kuhusu mjomba, swali hilo sina jibu lake kamili. Mwaka juzi nilihamisha ubao kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, nikaugeuza kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nyuma yake, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa mabango usioweza kukosewa, kuna bei, na chini ya bei mstari mmoja. Binti yangu anasema ni ushahidi tosha: mtu haandiki bei kwenye kiporo. Ndugu yangu anasema huenda ni bei aliyonunulia hadibodi. Tarakimu ni kubwa mno kwa ubao wa hadibodi wa miaka ile, ila mjomba alipenda pia kuandika bei za kutisha ili apate pa kushukia.

Kijana aliyejaza zile mbao sita sasa ni mzee, tunakutana mara mojamoja Mnazi Mmoja. Nilimuuliza kama anazikumbuka. Akasema anazikumbuka sana, kwa sababu hajawahi kupaka juu ya rangi ya chini nzuri kama ile, na kwamba kwa ubao wa kwanza alikaa nao siku mbili kabla ya kuweka brashi. Siku zile mimi nilimpitia kila jioni kumhimiza.

Ubao wa saba umetundikwa sebuleni, mkabala na dirisha. Alfajiri hauonekani kabisa. Kiasi cha saa moja asubuhi kijivu chake kinaanza kutengana na ukuta, na wakati huo pikipiki ya kwanza huwa imeshapita.